Uvuvi wa ndoano kwenye makorongo ya Dodoma: kambale, perege, na kidimbwi cha mwisho

#1 Mwenye uzi

Mbukwenyi wakuu. Wa Dodoma, Bahi, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, na ninyi mlioondoka ila roho imebaki huku, karibuni.

Mwezi wa nane mdogo wangu aliyeko Pennsylvania, Marekani, alinitumia picha ya samaki aliyemvua kwenye kijito cha mlimani. Samaki mwenyewe hazidi urefu wa kiganja, lakini nimevua miaka mingi na sijawahi kushika samaki mzuri vile. Mgongo wa kijani iliyokolea, una michirizi kama njia za mchwa kwenye ukuta. Ubavuni madoa mekundu, kila doa limezungushiwa duara la buluu. Mapezi ya tumboni mekundu, na ukingo wake wa mbele mweupe kama umepakwa chokaa. Huyo ndiye trauti wa vijito, Salvelinus fontinalis kwa jina la kitaalamu, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake "wa chemchemi". Asili yake ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini, na watu wa Pennsylvania wamemfanya samaki rasmi wa jimbo lao.

Chini ya picha dogo akaandika: "Kaka, raha hii kwetu hatuna. Mito yetu yote ni mchanga."

Kauli hiyo iliniuma, maana huyu nilimbeba mgongoni kwenda naye korongoni akiwa na miaka mitano. Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lenyewe ni refu na nimeona linawahusu wengi, hasa vijana wanaokulia mjini wakipita juu ya madaraja bila kuangalia chini.

Mito yetu ni mchanga kweli. Samaki wamo.

Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Korongo linalong'oa miti Januari, ukilikuta Septemba unalikatiza na baiskeli. Bubu inatoka juu huko Kondoa na haifiki baharini, inamwaga maji yake mbuga ya Bahi, ile tambarare ya tope inayofurika wakati wa mvua, na safari inaishia hapo. Kinyasungwe inashuka upande wa Mpwapwa, mbele inaitwa Mkondoa, hatimaye inakuwa Wami. Waliozoea treni ya reli ya kati wanajua Kinyasungwe ikikasirika inavyoifanyia reli kati ya Gulwe na Kilosa. Kizigo nayo inaingia bwawa la Mtera. Miezi sita ya mwaka sehemu kubwa ya mito hiyo unaona mchanga tu, na akina mama wanachimba mashimo humo kutafuta maji ya kunywa.

Kwa hiyo mvuvi wa huku anaanza kwa kujua maji yamejificha wapi. Babu mzaa mama ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anasema tufuate korongo hadi pale linapogonga jiwe. Maji ya mafuriko yakigonga mwamba hugeuka na kuchimba, na pale yalipochimba ndipo yanapobaki. Angalia kona, upande wa nje, chini ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia hewani. Angalia ng'ombe wanaelekea wapi saa sita mchana. Angalia ndege: ukiona korongo wamesimama kwenye korongo (lugha yetu imewapa jina moja, na mimi huwa nafurahi kila nikilitamka), ujue hapo kuna kitu kinachotembea majini.

Kidimbwi chetu kina urefu wa hatua kama thelathini. Sitasema kiko wapi, mtanisamehe, na sababu nitaieleza.

Nianze na raha yake. Jioni moja ya Juni, jua limeshazama nyuma ya mibuyu, nilitupa ndoano yenye kipande cha utumbo wa kuku karibu na mizizi ya mkuyu, mshipi nimeulaza juu ya kidole cha shahada. Boya sikuweka, kwa kambale silitaki. Perege anadonoa, unaona boya linatetemeka, linatulia, linatetemeka tena. Kambale anakuja kwa sharubu. Ana sharubu nane mdomoni na anazitumia kama kipofu anavyotumia vidole. Kwanza unahisi kitu chepesi sana, kama mtu anakuna uzi kwa ukucha huko upande wa pili. Ukivuta hapo umemkosa. Mshipi unalegea kidogo. Unaanza kudhani amekwenda. Halafu mshipi unaondoka, taratibu, bila papara, kama mtu anayechukua ndoo yako ya maji akidhani ni yake. Hapo ndipo unakaza.

Yule aliuvuta mshipi hadi ukaniacha na alama kidoleni. Alizunguka kidimbwi mara mbili, akajaribu kuingia chini ya mizizi, nikalazimika kushuka majini hadi mapajani kumzuia. Alipofika ukingoni alikoroma, hewa ikimtoka. Mweusi mgongoni, tumbo jeupe, kichwa kipana kama koleo, ngozi laini isiyo na gamba hata moja. Kumshika kunahitaji adabu: kila pezi la mbele lina mwiba, na mwiba huo ukikuingia kiganjani utaukumbuka wiki nzima. Vidole vinapita nyuma ya miba, kimoja upande huu na kingine upande ule, unabana kichwani, na hapo hafurukuti. Alikuwa na kilo tatu na robo kwenye mzani wa duka la mchele. Tulimla na ugali wa uwele, watu saba.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mwaka juzi, Oktoba, mchunga ng'ombe mmoja alinipigia simu asubuhi akaniambia samaki wanaelea. Nilifika saa nne. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na majani yaliyopondwa yamejikusanya kwenye ukingo. Utupa. Kwa wasioujua, ni mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa majini yanatoa sumu iitwayo rotenoni. Sumu hiyo inauzuia mwili wa samaki kuitumia hewa aliyokwisha kuivuta, kwa hiyo hata kambale anayepanda juu kuvuta hewa ya mbinguni haponi. Waliofanya hivyo walichukua wakubwa, wakaacha wadogo. Nilianza kuhesabu vifaranga vya perege, vingine vidogo kama punje ya mhindi, nikafika 200, nikaacha kwa sababu nilikuwa sioni vizuri. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbali, wanatazama maji, hawanywi.

Mvua zilizofuata korongo lilishuka kama kawaida. Tulivua Februari, Machi, Aprili. Hatukupata hata mmoja.

Kiroba kimoja cha samaki, siku moja, na sehemu nzima ya mto ikakaa kimya mwaka mzima. Samaki wa Januari wanatoka kwa wale wachache walioponea kwenye kidimbwi cha Oktoba. Hawana kwingine pa kutoka, labda bwawa liwepo juu au chini ya hapo. Kambale jike mmoja mwenye mayai anabeba makumi ya maelfu. Ukimwacha kidimbwini hadi mvua ifike, anakupa mto. Ukimtoa na kuwatoa wenzake wote, hakuna wa kuupa mto kitu.

Kwa hiyo sisi watu wanne tunaovua pale tumejiwekea utaratibu: maji yakishuka hadi magotini, ndoano zinarudi nyumbani. Kwa kawaida ni katikati ya Septemba. Hatuna mamlaka juu ya mtu yeyote, ila tumeongea na wachungaji, na wachungaji wana macho.

Maswali karibuni.

#2 Mdau wa Bahi

Shikamoo mkuu, maana kwa ulivyoandika naona umenizidi umri. Huku kwetu wazee wanasema samaki hushuka na mvua. Mbuga inakauka mpaka inapasuka, watu wanalima humo, gari linapita. Mvua ikinyesha wiki mbili tu, watoto wanakuja na samaki wadogo kwenye kopo. Hao nao waliponea kidimbwini?

#3 Mwenye uzi

Marahaba ndugu yangu. Swali lako ni zuri kuliko uzi wangu.

Wazee wanasema walichokiona, na walichokiona ni kweli. Hapo kuna samaki wa aina mbili. Kambale wanafika kwa kupanda: Bubu ikianza kushuka, wao wanafuata maji usiku, hata kwenye nyasi zenye maji ya kufunika kisigino tu. Juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, ndicho anachovutia hewa, kwa hiyo kutambaa kwenye majani mabichi hakumsumbui. Anapanda kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika.

Ila wale wadogo wa kwenye kopo, hasa ukiona dume ana rangi kali na jike amepauka, hao hawakutoka popote. Walikuwa hapohapo ardhini. Ni jamii ya Nothobranchius, na kuna aina inayoitwa Nothobranchius neumanni inayoishi bonde la Bubu na madimbwi ya huko kwenu. Samaki wazima wote wanakufa maji yakikauka. Mayai yanabaki kwenye tope, yanangoja kiangazi chote, yanaanguliwa mvua ikirudi. Wanakua, wanataga, wanakufa, yote ndani ya msimu mmoja. Mtu anayelima mbuga ya Bahi Agosti anakanyaga samaki ambao hawajazaliwa.

Watoto wakikuletea kwenye kopo, waambie warudishe wakishaangalia. Hawana nyama ya kumtosha hata paka.

#4 Mdau mwingine

Mkuu kwa nini serikali isilete hao trauti wa Marekani wapandwe huku? Tungepata na watalii.

#5 Mwenye uzi

Nami niliwaza hivyo nilipoona picha, kisha nikamuuliza dogo maji yao yana joto gani. Trauti wa vijito anataka maji ya nyuzi kama 13 hadi 16. Yakipita 20 anaanza kuteseka, yakifika karibu 25 anakufa, kwa sababu maji ya moto hayabebi hewa ya kumtosha. Kidimbwi changu mwezi wa kumi, saa nane mchana, ukitia mkono unadhani ni maji ya kuogea mtoto. Trauti hamalizi saa moja humo.

Tanzania trauti wapo, wa jamii nyingine walioletwa zamani za ukoloni, kwenye vijito vya baridi vya milimani kama Kilimanjaro. Kule kunawafaa. Kwetu yupo aliyeumbwa kwa tope na joto, na huyo ndiye wa kumtunza.

Ila dogo aliniambia jambo moja lililonikaa. Kiangazi chao, mito ikipata joto, trauti wote hukimbilia penye chemchemi za baridi, wanajazana hapo kama watu kwenye bomba la maji. Ni rahisi mno kuwavua wakati huo. Na wavuvi wa huko, maji yakifika nyuzi 20, wanafunga vifaa vyao wanaondoka, kwa sababu hata ukimtoa ndoano na kumrudisha, samaki aliyechoka kwenye maji ya moto anakufa baadaye. Nilipomaliza kumsikiliza nilimwambia, basi ninyi na sisi tunavua mto uleule.

#6 Mdau wa Kisasa, Dodoma mjini

Kaka naomba uelekeze anayeanza. Vifaa, chambo, na pa kwenda mtu asiye na korongo lake. Nina vijana wawili wa kiume, Jumamosi wanashinda kwenye simu.

#7 Mwenye uzi

Wape mshipi mmoja mmoja na wataiacha simu wenyewe.

Ufito wa mti wowote mkavu unaopinda bila kuvunjika, urefu wa mtu mzima na nusu. Mshipi wa nailoni. Kwa perege ndoano ndogo kabisa utakayopata dukani, maana mdomo wake ni mdogo, na chambo chake ni nyungunyungu au kidonge cha ugali kilichokandwa mpaka kikawa kama ulimbo. Boya linatosha kipande cha kandambili ya zamani. Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha ndoano, tumia nati ya baiskeli. Kwa kambale ndoano kubwa, mshipi mnene, na chambo chenye harufu: utumbo wa kuku, ini lililolala siku moja juani, dagaa waliolowekwa. Wapo wanaotumia kipande cha sabuni ya mche na wanapata, nimewaona kwa macho yangu.

Perege avuliwe asubuhi. Kambale jua likizama.

Pa kwenda: Hombolo iko karibu, kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji. Bwawa lile lilijengwa 1957 na bado linalisha watu. Usiwaache watoto wasimame majini ukingoni penye majani, maji yaliyotuama ndiko anakokaa konokono wa kichocho. Wavulie nchi kavu.

Mtera ni habari nyingine. Pale Ruaha Mkuu imezuiwa kwa ajili ya umeme, bwawa likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na uso wake unatandaa kama kilomita za mraba 600. Hiyo ni bahari. Kuna wavuvi wenye mitumbwi na nyavu, hao ndio wenye kazi yao, na kuna mamba na viboko. Nenda kale perege wa kukaangwa barabarani, ongea na wavuvi, lakini usiwapeleke watoto kusimama ukingoni na ufito.

Popote utakapokwenda, kwanza ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri husika habari za leseni na kama bwawa halijafungwa. Pili, ukimwona mtu anavuta chandarua majini, mwambie kwa upole. Matundu ya chandarua hayamwachi hata aliyeanguliwa jana. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, lakini korongoni polisi hawapo, uko wewe.

Jambo moja la perege ambalo watoto wako watalipenda: jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni. Ukivua perege ukamwona anatema vijisamaki, mrudishe harakaharaka palepale, na vijisamaki vyake vimwage naye.

#8 Mdau wa Mpwapwa

Kaka, mimi mama wa nyumbani, sivui, ila napika. Mume wangu analeta kambale wa kidimbwini wananuka tope mpaka watoto wanakataa. Na mama mkwe ni Msabato, hali samaki asiye na magamba, kwa hiyo ananiangalia tu ninavyohangaika.

#9 Mwenye uzi

Dada yangu, mama mkwe mheshimu, mtengee perege.

Kambale akifika hai, usimchinje siku hiyo. Mweke kwenye ndoo au pipa la maji safi, funika na uweke jiwe juu maana anatoka, mbadilishie maji asubuhi na jioni siku mbili. Tope linamtoka mwenyewe. Akifika amekufa, msugue kwa majivu ya jikoni mwili mzima mpaka ule ute uwe kama uji wa kijivu, suuza, rudia kwa chumvi na limau. Toa utumbo wote na ile damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo, hapo ndipo harufu inapokaa. Kisha mbanike juu ya moshi kabla ya kumuunga kwa karanga. Bibi yangu alikuwa anamuunga na mlenda mkavu, na mimi sijapata mapishi yanayoshinda hayo.

#10 Mdau wa Bahi

Mkuu uzi umelala. Mvua huku zimeanza. Kidimbwi chako vipi?

#11 Mwenye uzi

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nasubiri.

Safari hii kiangazi kilikuwa kirefu. Mwishoni mwa Novemba kilibaki kipande cha hatua sita, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na ukisimama kimya unaona migongo. Kila baada ya muda mmoja anapanda, anafungua mdomo, anavuta hewa, anashuka. Nilihesabu tisa wakubwa. Wachungaji walikata miiba wakazungushia upande wa juu, ng'ombe wakanyweshwa kwenye shimo la mchanga hatua hamsini chini yake. Hilo sikuwaomba.

Juzi usiku ilinyesha milimani. Saa kumi alfajiri nilisikia korongo linakuja, ule mlio kama lori lenye mawe, nikachukua tochi. Maji ya mwanzo yalikuwa povu na vijiti na kinyesi cha ng'ombe, yakafunika kidimbwi na miiba yote. Nilikaa kwenye jiwe mpaka kukapambazuka. Kwenye nyasi za upande wa kushoto, maji kama kiganja kimoja, nyasi zilikuwa zinatikisika bila upepo. Nikasogeza tochi. Kambale wawili, mmoja amejipinda kichwani kwa mwenzake kama pete, wametulia, halafu mkia ukapiga na maji yakaruka.

Sikuwa nimebeba ndoano. Ziko nyumbani kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, mpaka mwezi wa tatu.